Kupanda Doi Suthep na marafiki wapya: jibu kwa msomaji wa Wete

Msomaji mmoja wa Wete, Pemba, ameniandikia barua ndefu ambayo hapa naifupisha. Mwishoni mwa Novemba anakwenda Chiang Mai, kaskazini ya Thailand, kwa mafunzo ya miezi minne ya usindikaji wa vyakula. Washiriki wenzake wameshaanza kujuana naye kwa simu: mmoja ni mwenyeji wa huko huko, mwengine anatoka Vietnam na wa tatu anatoka Nepal. Wamepanga kwamba Jumamosi ya kwanza wapande mlima kwa miguu, wapite katika mahekalu mawili ya Wabudha, kisha warudi mjini wale pamoja. “Mwalimu,” ananiuliza, “mimi ni Muislamu, navaa buibui, na mlima sijapata kuuona ila kwenye picha. Nikikataa, nitaonekana najitenga tangu siku ya mwanzo. Nikenda, nitakaaje mle ndani wenzangu watakapoinama? Na jee, miguu yangu itaweza?”

Waalaykumu ssalaam, mwanangu. Mimi ni mtembeza watalii hapa Mji Mkongwe tangu 2001, na njia hiyo mnayokusudia kuipita nimeipanda mara tatu, mara ya mwanzo nikiwa mwanafunzi wa kozi kama utakavyokuwa wewe. Nenda, na miguu yako itaweza. Ila hilo la kukaa mle ndani lisingojee mpaka mfike ndani. Lizungumze na wenzako sasa hivi, ukiwa bado uko Wete, kwa sababu ukilisema leo watalichukua kuwa ni taarifa ya kupangia safari, na ukilisema mlangoni mwa hekalu, viatu vimeshavuliwa na watu wanakungoja, litawatia haya wao na wewe.

Kwanza niweke mpaka wa jibu langu, kwani mimi si sheikh. Juu ya Muislamu kuingia mahali pa ibada ya dini nyengine, hasa penye masanamu, wanazuoni wamehitilafiana: wapo waliozuia, wapo waliokirihisha na wapo walioruhusu kwa masharti. Muulize sheikh wako kabla hujaondoka, na umweleze kwa ukamilifu kwamba unakwenda kuangalia na kufuatana na wenzako, si kushiriki katika ibada yao. Akikuzuia, safari haijaharibika. Mahekalu yote mawili yana viwanja, miti, ngazi na mandhari ya mji ambavyo utavifaidi bila ya kuvuka kizingiti cha ukumbi wa ibada, na wenzako wakitoka watakukuta hapo nje. Haya ninayoyaeleza kuhusu ndani yanamhusu aliyekwisha kujiridhisha na upande huo wa sharia.

Wewe umekulia katika nchi inayopokea wageni, na hilo litakusaidia kuliko unavyodhani. Nimeshawapeleka watu wengi kwenye msikiti wa kale wa Kizimkazi Dimbani, ule wenye maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, ya mwaka 500 wa Hijria, sawa na 1107. Wageni huvua viatu, wanawake hujitanda kanga, sauti hushushwa, kisha huoneshwa kibla na yale maandishi. Sijapata kumsikia imamu wala mzee wa pale akimtaka mgeni asujudu, na mgeni ambaye angesujudu kwa kutuiga tu angetushangaza zaidi kuliko kutufurahisha. Wathai nao ndivyo walivyo katika jambo hili. Hawamtazamii asiyekuwa Mbudha ainame. Kinachowaudhi ni mabega na mapaja kuwa wazi, kupanda juu ya sanamu ili kupigwa picha, kupiga makelele mbele ya wanaoomba, na kukaa nyayo zimeelekea kwa Budha au kwa mtawa. Ukiyaangalia hayo utaona kwamba karibu yote umeshayajua tangu chuoni kwa maalimu wako.

Kwa hivyo andika ujumbe mmoja katika kundi lenu la simu, mfupi na wa furaha, bila ya kuomba radhi kwa dini yako. Useme kwamba utapanda nao kwa moyo mkunjufu na unataka kuyaona mahekalu, kwamba dini yako haikuruhusu kuinama mbele ya sanamu wala kuchoma ubani mbele yake, kwa hivyo watakapokuwa katika ibada utakaa nyuma kimya. Kwamba unahitaji kuwa mjini mchana ili usali. Na kwamba huli nguruwe wala hunywi pombe. Mambo manne tu. Usiongeze hotuba. Nina hakika mwenyeji wenu atakujibu kwamba anawajua Waislamu, kwani Thailand ina Waislamu wengi, hasa mikoa ya kusini ya Pattani, Yala na Narathiwat, na wengi wao ni Mashafii kama sisi.

Usidhani kwamba wewe peke yako ndiye utakayekuwa mgeni mle ndani. Ubudha wa Thailand ni ule wa Theravada, unaofuatwa pia Sri Lanka, Myanmar, Laos na Kambodia. Wabudha wa Vietnam wengi wao wanafuata njia ya Mahayana, ambayo ina masanamu mengine, sala nyengine na desturi nyengine. Nepal ndiyo yenye Lumbini, alikozaliwa Siddhartha Gautama, yaani Budha mwenyewe, lakini watu wake walio wengi ni Wahindu. Basi huyo rafiki wa Vietnam naye atakuwa anauliza maswali, na wa Nepal pia. Waachie waulizane, nawe usikilize. Nimejifunza mambo mengi ya mahekalu kwa kusikiliza Wabudha wa nchi mbili wakielezana tofauti zao kuliko kwa kusoma vibao. Na ukipitia Dar es Salaam ukiwa na saa mbili tatu za kungojea ndege, pale Upanga kuna hekalu la Wabudha lililoanzishwa na Wasinhala waliohamia kutoka Sri Lanka. Kulitazama hata kwa nje kutakuondolea ule ugeni wa mara ya kwanza.

Sasa njia yenyewe. Mlima unaitwa Doi Suthep. Uko magharibi ya mji, na kilele chake kina mita 1,676 juu ya usawa wa bahari. Nyinyi hamfiki kileleni. Hekalu kubwa, Wat Phra That Doi Suthep, liko chini ya kilele, kwenye mita 1,000 na ushei, na mji wenyewe uko kwenye mita 300 hivi, kwa hivyo mtapanda kiasi cha mita 700 za kwenda juu. Vilima vyenu vya mikarafuu huko Pemba havizidi sana mita 90, na najua namba hiyo itakutisha. Isikutishe, kwa sababu hamupandi kwa pumzi moja. Mwanzo wa njia uko nyuma ya Chuo Kikuu cha Chiang Mai, barabara ya Suthep inapoishia mlimani, na kutoka hapo hadi hekalu la kwanza, Wat Pha Lat, ni mwendo wa dakika 45 au saa moja kwa mtu asiyefanya haraka. Njia imo ndani ya msitu, ina kivuli, na alama zake ni vitambaa vya rangi ya manjano iliyoiva, rangi ya majoho ya watawa, vilivyofungwa kwenye vigogo vya miti. Ukipita miti mitano sita bila ya kuona kitambaa, rudi nyuma mpaka pale ulipokiona cha mwisho.

Kabla ya 1935 hakukuwa na barabara ya gari ya kupanda kule juu. Mtawa mmoja maarufu wa kaskazini, Khruba Siwichai, ndiye aliyeongoza ujenzi wake kwa nguvu za watu waliojitolea, na sanamu lake liko chini ya mlima ambapo watu husimama kuweka maua kabla ya kupanda. Kabla ya hapo kila aliyekwenda kuzuru alikwenda kwa miguu, na Wat Pha Lat ilikuwa kituo chao cha kupumzikia. Nawe ipumzikie hivyo hivyo. Ni mahali pa utulivu sana: kijito kinateleza juu ya jabali lililolala kwa mshazari, masanamu yameota kuvu ya kijani, na ukikaa ukingoni mwa jabali unauona mji wote chini. Mimi naipenda Pha Lat kuliko hekalu kubwa, na nakushauri kwamba kama mtapungukiwa na muda, muache kwenda huko juu kuliko kuifanya Pha Lat kuwa mahali pa kunywa maji na kuondoka. Watawa wanaishi pale. Semeni kwa sauti ya chini, na simu izimwe mlio.

Hapo ndipo kwa mara ya kwanza utakapokabiliana na lile swali lako. Ukumbi wa ibada una kizingiti, kivuke, usikikanyage. Viatu vinabaki nje. Kofia na miwani ya jua huvuliwa, lakini mtandio wako si kofia, hakuna atakayekwambia uuvue. Ndani wenzako watapiga magoti, wataweka viganja pamoja, kisha wataweka vipaji vya uso chini mara tatu. Wewe nenda moja kwa moja mpaka nyuma, kando ya ukuta, ukae chini na miguu uikunje upande mmoja, nyayo zikielekea nyuma. Kikao hicho ndicho cha adabu kwa Wathai, nacho kinakaribiana na kikao chetu cha tahiyatu ya mwisho, kwa hivyo hakitakuchosha kama kinavyowachosha Wazungu. Usikae katikati baina ya wanaoomba na sanamu, usiwapige picha wakiwa wameinama, na usinyooshe kidole kuelekea sanamu unapouliza kitu. Maswali yaweke mpaka mtoke. Wakimaliza, inuka nao. Ni dakika tano tu, na hakuna atakayekutazama.

Kuweka viganja pamoja kifuani na kuinamisha kichwa kidogo, ile wanayoiita wai, ni maamkizi yao ya kila siku; hata muuza ndizi atakufanyia. Wengi wetu tuliokwenda huko tumeyaitikia kama tunavyoitikia “shikamoo”, kwa mtu, si kwa sanamu. Ikiwa nafsi yako haitulii nayo, weka mkono wa kulia kifuani na utabasamu. Waislamu wa huko wengi hufanya hivyo, na inaeleweka.

Liko jambo moja ambalo sikuambiwa na mtu, nami nililijua kwa kosa. Mara ya pili nilipopanda nilikuwa na mwanamke mwenzetu wa Unguja, mtu mzima mwenye adabu zake, aliyechukua pakiti ndogo ya karafuu za Pemba kwa ajili ya mzee yeyote atakayetupokea vizuri. Tulimkuta mtawa mmoja mkongwe akifagia majani pale Pha Lat. Yule bibi akamsogelea, akanyoosha mkono wenye ile pakiti, na mtawa akarudi nyuma hatua mbili. Bibi wa watu alibaki mkono umenyooka, uso umembadilika, akidhani amekataliwa. Mimi niliona haya, kwa sababu kazi yangu ni kuwaongoza watu na sikuwa nimemtahadharisha. Mtawa naye aliona, maana aliweka ufagio chini, akachukua kitambaa cha manjano kilichokuwa begani, akakitandaza juu ya jiwe, akabaki ameshika ncha moja. Akaashiria. Bibi akaweka pakiti juu ya kitambaa, mtawa akakivuta kwake taratibu, akaifungua, akainusa kwa muda mrefu, kisha akasema neno moja, “kanphlu”, akijigusa shavu kuonesha kwamba ni dawa ya jino. Kanphlu ndiyo karafuu kwao.

Sababu yake ni kwamba mtawa wa Theravada amejifunga na kanuni 227, na mojawapo ni kutomgusa mwanamke. Ndiyo maana hapokei kitu kutoka mkononi mwake moja kwa moja, hata kama ni mama yake mzazi. Hakudharau wala hakukimbii kwa hilo, na wewe unayetoka katika watu wasiopeana mikono na asiyekuwa maharimu hutalishangaa. Ukitaka kumpa mtawa kitu, kiweke juu ya kitambaa, juu ya meza, au umpe rafiki mwanamume akikabidhi. Ikiwa ni chakula, kiwe kabla ya mchana, kwa sababu baada ya jua kupita utosini hawali tena mpaka alfajiri ya pili. Katika njia nyembamba ukikutana naye, simama kando umpishe. Na katika gari usikae karibu naye, hata kama nafasi iko.

Kutoka Pha Lat kwenda juu njia inakuwa kali zaidi na imetelezateleza, inakutana na barabara ya lami, kisha inaingia tena msituni. Tegemea saa moja na nusu. Mtatokea karibu na ngazi maarufu za Wat Phra That Doi Suthep, zaidi ya mia tatu, ambazo pande zake mbili ni nyoka wa naga wenye vichwa vingi walionakshiwa kwa vigae vya kijani na dhahabu kutoka juu mpaka chini. Wenyeji wanasimulia kwamba katika karne ya 14, zama za mfalme Kuena, kipande cha mfupa wa Budha kiliwekwa mgongoni mwa tembo mweupe, tembo akaachiwa aende atakako, akapanda mlima huu, akalia mara tatu, akafa hapo alipofika. Na hapo ndipo palipojengwa mnara. Utauona mnara huo wa dhahabu uking'aa katikati ya uwanja, na watu wakiuzunguka mara tatu kwa upande wa mkono wa kulia, maua ya yungiyungi na ubani mikononi. Ukitaka kutembea humo kuangalia, fuata upande wanaoufuata wao ili usigongane nao, lakini usichukue maua wala ubani, kwani mwenye vitu hivyo mkononi huhesabiwa kuwa yumo katika ibada. Viko pia vibao vinavyowakataza wanawake kuingia baadhi ya sehemu karibu na minara. Ni desturi ya mahekalu ya kaskazini, kama ilivyo nyumba ya nguzo ya mji katika hekalu la Wat Chedi Luang kule chini mjini. Visome na uviheshimu.

Mambo mawili hapo yatakujia kwa sura ya ukarimu, na ndiyo ninayotaka uyajue mapema zaidi kuliko mengine yote. La kwanza ni uzi mweupe. Ndani ya ukumbi mmoja hukaa mtawa anayenyunyiza maji na kuwaombea watu, kisha hufungwa uzi wa pamba mkononi kwa ajili ya kinga na baraka. Rafiki yako atakuita kwa mapenzi, “njoo nawe ufungwe.” La pili ni kile kikombe cha vijiti vyenye namba, kinachotikiswa mpaka kijiti kimoja kidondoke, na namba yake ikawa na karatasi ya bahati ya mtu. Uzi huo kwetu ni hirizi na vijiti hivyo ni ramli, na huhitaji fatwa mpya ya kuvijua. Mwambie, “Asante, hili lenu nitaliangalia tu,” ubaki hapo hapo ukitabasamu, usiondoke kwa haraka kama aliyeona kibaya. Kama umeshaandika ule ujumbe nilioutaja, huenda asikuite kabisa, au atakuita kisha akumbuke mwenyewe. Hii ndiyo faida yake.

Kuhusu nguo, umeshashinda nusu ya kazi. Wageni wengi mlangoni hutakiwa kujifunga vitambaa kwa sababu wamekuja na kaptula, wewe utapita. Lakini buibui refu la kuburura si vazi la kupandia mizizi na mawe, na si kwa sababu ya dini ya mtu yeyote, ni kwa sababu utalikanyaga ukaanguka. Vaa suruali pana, juu yake gauni lenye mikono mirefu linaloishia chini kidogo ya magoti, na mtandio wa pamba uliobanwa vizuri. Nailoni itakuchoma kwa joto. Chukua kanga moja katika mkoba. Utaikalia, utajifutia, utasalia, na ukiingia baridi utajitanda, kwani Novemba hadi Februari ni majira ya baridi kule na asubuhi mlimani kunapiga ubaridi ambao Pemba hatuujui. Una bahati ya majira, maana kuanzia Februari au Machi hadi Aprili moshi wa mashamba na misitu inayochomwa hujaa katika bonde la Chiang Mai, na siku hizo kupanda mlima ni kuyaumiza mapafu bure. Kwa kuwa kozi yenu itafika Machi, safari nyengine za milimani zipangeni mapema.

Viatu viwe vya raba vyenye meno, ulivyokwisha kuvivaa wiki mbili tatu. Ndara ziache nyumbani. Maji lita mbili, tende kidogo, ndizi. Na wiki hizi zilizobaki, fanya mazoezi kwa kitu ulichonacho: Wete imekaa juu ya mteremko wa bandari, basi kila baada ya Alasiri shuka mpaka bandarini na upande tena mara nne, halafu mara sita, ukiwa na mkoba wenye chupa za maji mgongoni. Mtu anayefanya hivyo kwa wiki tatu hatakuwa wa mwisho katika kundi. Huko mlimani nenda kwa hatua fupi, usiongee unapopanda, na ukichoka sema. Afadhali kundi zima lisimame mara kumi kuliko mmoja ajikaze akateguka mguu. Hili nalo mkubaliane chini, kwamba mwendo wa kundi ni mwendo wa aliye nyuma.

Kwa kuwa marafiki hawa bado hujaonana nao, na nakuhusia kama mwanangu, muachie mtu wa chuo jina la njia mnayopita na saa mnayotarajia kurudi, usikubali kugawanywa mkabaki wawili na mtu usiyemuelewa vizuri, na simu iwe na chaji. Njia hii inapitwa na watu wengi, hasa Jumamosi, wala sikutii khofu.

Sala ipangie saa. Usije ukadhani kwamba mlima ni safari ya kupunguza. Kwa madhehebu yetu ya Shafii masafa yake ni zaidi ya kilomita 80, na hekalu liko kilomita 15 hivi tu kutoka mjini. Tena wewe umenuia kukaa miezi, hivyo ukishafika Chiang Mai hukumu ya msafiri imeshakuondokea. Utasali kamili na kwa wakati wake. Basi salini Alfajiri mjini, yaani wewe na Muislamu mwengine mkimpata, muanze kupanda kiasi cha saa kumi na mbili na nusu kunapopambazuka, saa moja na nusu muwe Pha Lat, saa nne muwe juu, na saa tano na nusu mteremke kwa gari. Adhuhuri ya Novemba huko inaingia baada kidogo ya saa sita, na mtakuwa mmeshafika. Magari ya kuteremkia ni yale mekundu yaitwayo songthaew, maana yake “safu mbili”, kwa sababu abiria hukaa kwenye mabenchi mawili wametazamana. Ukipanda utadhani umo kwenye daladala ya Chake.

Na Kibla, uliyoizoea kwa upande wa kaskazini tangu utoto wako, Chiang Mai iko magharibi, ikipinda kidogo kwenda kaskazini. Ni upande ule ule ulipo mlima. Nilipotambua hilo mara ya mwanzo, baada ya kuteremka, nilisimama kwa muda nje ya msikiti nikiutazama Doi Suthep na kujua kwamba kila Muislamu wa mji ule husali akiwa ameuelekea, na nyuma yake, mbali sana, kuna Makka.

Msikiti wenyewe ninaoukusudia ni wa Ban Ho, karibu na soko la usiku, ulioanzishwa na Waislamu wa Kichina waliotoka Yunnan na misafara ya biashara. Mtaa wake una mikahawa ya halali, na hapo ndipo ningewaalika wenzako mle chakula cha mchana au cha jioni, badala ya kungojea wakuchagulie mahali halafu uanze kuuliza kilichomo chunguni. Agiza khao soi: tambi katika mchuzi wa nazi na bizari, tambi nyengine zilizokaangwa zikawekwa juu, kuku au nyama ya ng'ombe, ndimu pembeni. Kwa ulimi wa Mpemba hiyo si ladha ya ugenini. Mahali kwengine ukilazimika, tafuta kibendera cha manjano chenye herufi nyekundu cha chakula cha “jay”, ambacho hakina nyama ya aina yoyote, ingawa kwa vyombo na mafuta bado utauliza. Wewe ukiwa ndiye mwenyeji wa chakula, wenzako waliokufungulia mlango wa mahekalu watapata nao kuingia mtaa wa Waislamu, na utawaeleza adhana wakiisikia kama walivyokueleza kengele.

Halua ya Wete uliyosema unataka kuwachukulia, ichukue, ila usiipeleke mlimani. Itoe hapo mezani. Na rafiki yako Mthai akikuambia mkutane “nueng thum”, yaani saa ya kwanza ya usiku, usianze kujumlisha wala kutoa. Wao nao kwa desturi yao ya zamani huanza kuhesabu saa za usiku baada ya jua kutua, kama sisi. Ni saa moja ya usiku, kama ilivyo Wete.